Inalia au Inalala

Kiwanjani wananiita Mama Sikio. Jina hilo sikulitafuta, lilinitafuta lenyewe, na nisiwe mnafiki, nililipenda. Kwa miaka saba nimesimama mwisho wa njia nyoofu, nyuma ya ukuta wa matairi, macho nimefumba, mikono nimefunga nyuma, nikisikiliza kigari cha binti yangu kikija. Kikishapita narudi bandani, nashika spana, nabadilisha gia. Mafundi wengine wenye vidude vyao vya kupimia walikuwa wananitazama kama mtu anayepiga ramli, kisha wanatazama jina la binti yangu kwenye ubao wa matokeo, wananyamaza.

Nieleze mapema, maana sipendi mtu aniitikie "mhm, mhm" huku hajui ninazungumza nini. Kigari cha mbio ni kitu kidogo. Ukikiona bila injini utadhani ni kitanda cha chuma kilichokatwa miguu. Hakina gia za kubadilisha njiani. Kina duara dogo la meno kwenye injini, duara kubwa la meno kwenye ekseli ya nyuma, na cheni katikati, basi. Uamuzi wote unafanyika bandani kabla ya mbio: hilo duara la nyuma, ambalo sisi ndilo tunaliita gia, liwe na meno mangapi. Ukiongeza meno, kigari kinatoka kwenye kona kwa nguvu, lakini kwenye njia nyoofu injini inafika mwisho wake mapema, inabaki kupiga kelele tu. Ukipunguza, kinakimbia vizuri mbele ila kinatoka kwenye kona kizito. Haya sikuyasoma popote. Nilikuwa na mashine ya kusaga unga miaka ishirini na sita, na mambo ya puli ni yaleyale. Mwenye tamaa ya nguvu na mbio kwa pamoja anasaga hewa.

Nyumbani kwetu jambo hili lina maneno mawili tu. Nilimfundisha binti yangu akiwa na miaka kumi na miwili, hajui hata kufunga kamba ya helmeti yake. Injini ikifika juu kabisa kabla njia haijaisha, tunasema inalia. Ikiwa imezidiwa na mzigo na haiamki, tunasema inalala. Ikilia, toa jino. Ikilala, ongeza jino. Hata baba yake, ambaye hajawahi kukanyaga kiwanjani kwa sababu anasema moyo aliopewa ni mmoja, akipiga simu siku ya mbio haulizi nafasi. Anauliza, "Inalia au inalala?"

Binti yangu tunamwita Sisimizi. Ni mfupi, mwembamba, na tangu utotoni akikuta kitu kizito lazima akibebe yeye. Sasa ana miaka kumi na tisa. Akiwa amekaa kwenye kigari chake unaona helmeti na viwiko tu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mbio za mwisho za msimu, na wenye kiwanja walikuwa wametufanyia vituko: waligeuza mwelekeo. Kiwanja kilekile, ila mnazunguka kinyume. Kona iliyokuwa ya kwanza ikawa ya mwisho, mteremko ukawa mlima. Daftari langu la miaka saba, lenye kila gia niliyowahi kufunga pale, likawa la kuwashia jiko. Kila fundi alikuwa anaanza upya siku ile, na mimi ndiye niliyekuwa naogopa kuliko wote.

Sababu ya kuogopa nilikuwa sijamwambia mtu. Ilianza na birika. Lilikuwa linapiga mluzi maji yakichemka, nikaona siku hizi halipigi, nikalaumu birika. Kisha redio, nikalaumu betri. Kisha watu, nikasema vijana wa leo wanaongea kama wana uji mdomoni. Mwisho nikaenda kwa daktari wa masikio, kimyakimya, nikijidai naenda kuchukua vipuri. Akanionyesha karatasi yenye mstari unaokwenda vizuri kisha unaporomoka. "Sauti nene unazisikia, mama," akasema. "Nyembamba ndizo zimekwenda, na hazirudi." Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia mashine ya kusaga, akatikisa kichwa. Alinipa tarehe ya kurudi kupimwa vifaa vya kuvaa sikioni. Sikwenda. Nani atamwita Mama Sikio mtu mwenye kifaa sikioni? Karatasi ile niliikunja nikaiweka chini kabisa kwenye sanduku la gia.

Sasa fikiria. Injini ya kigari ikifika juu, sauti yake ni nyembamba. Kwa hiyo msimu ule wote nilisimama pale nyuma ya matairi nikisikia kigari kinakuja, kinapanda, kisha kinapotea, kama mtu aliyeingia chumbani akafunga mlango. Nikawa nabahatisha. Ukiwa na daftari la miaka saba unaweza kubahatisha vizuri kwa muda mrefu. Mambo yalipoharibika, nilimtupia Sisimizi lawama kwa upole. Akishuka akaniambia injini inafanya hivi na hivi, nami nimeshaamua vingine, nilikuwa namwambia, "Mwanangu, wewe una mikono na miguu. Masikio niachie mimi." Tulicheka mara ya kwanza. Mara ya tano yeye hakucheka, nami nikajifanya sijaona.

Na kulikuwa na Saa Mbili. Huyu ni mkuu wa timu moja kubwa, anavaa saa mbili mkono mmoja, ya kupima mbio na ya kujua muda wa kula. Mbio zilizotangulia alikuja bandani kwetu akamwambia Sisimizi mbele yangu, "Madereva wa kukanyaga mafuta ninao. Namtafuta dereva anayeweza kushuka akamwambia fundi gari limesema nini. Nadhani ni wewe. Nipe jibu siku ya mbio za mwisho." Nilitabasamu kwa meno, macho hayakushiriki. Akienda kwa Saa Mbili anakwenda kwa mafundi wa Saa Mbili. Mashine ya kusaga nimeshamwachia mpwa wangu. Bila kigari kile mimi ni mwanamke wa makamo mwenye spana nyingi.

Tulikuwa watu watatu: mimi, Sisimizi na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mchomeleaji. Fremu ya kigari kile aliiunda yeye, bomba kwa bomba, na anaipenda kuliko watoto wake wawili wa kwanza. Si msemaji. Ukimuuliza swali anatazama kwanza vidole vyake kama vimeandikwa jibu.

Asubuhi tukaanza na gia ya meno themanini. Awamu ya kwanza ya mazoezi nikasimama mwisho wa njia nyoofu, ambao sasa ulikuwa upande wa pili, nyuma ya matairi ya huko, macho nimefumba. Kikaja, kikapanda, kikapotea. Mara tano, mara sita, ni vilevile. Nikarudi bandani sina nilichopata, natembea taratibu ili nionekane nafikiri.

Sisimizi akaingia, akasimamisha kigari mbele yangu, helmeti kichwani. Banda la jirani walikuwa wanawasha injini tatu kwa mpigo. Akainua kioo cha helmeti, akasema neno moja. Mimi nikasikia, "Inalala, mama."

Nikamshukuru Mungu. Kumbe jibu hili hapa, rahisi. Na nilimwamini haraka kwa sababu nikiwa njiani kurudi bandani nilikuwa nimekiona kigari kwa macho yangu kinatoka kwenye kona ya mwisho kizito kama ng'ombe anayeamka. Ikilala, ongeza jino. Nikaongeza mawili, themanini na mbili, nikakaza boliti, nikajipiga kifua moyoni.

Awamu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kupanga nafasi za kuanzia. Kwenye njia nyoofu walimpita kama amesimama. Mmoja, mwingine, wa tatu. Akapata nafasi ya kumi na moja kati ya kumi na sita. Hajawahi kuanza nyuma namna ile tangu mwaka wake wa kwanza.

Alipoingia alivua helmeti kabla hajashuka. Uso ulikuwa mwekundu wa joto, au hasira.

"Umeweka ngapi, mama?"

"Themanini na mbili."

"Umeongeza?"

"Si ulisema inalala."

"Nilisema inalia."

"Ulisema inalala."

"Mama, nilisema inalia. Inalia tangu katikati ya njia. Sasa hivi inalia hata kabla ya katikati."

Nikamgeukia mdogo wangu. Akatazama vidole vyake. Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na mtu mwenye siri hasira zake zinakuwa karibu zaidi. Nikasema, "Sawa, mimi ni mjinga. Kama unaona fundi wa Saa Mbili ana akili kuliko mimi, nenda ukaendeshe kwa Saa Mbili, mbona njia ni nyeupe."

Sisimizi alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kusugua cheni. Mimi nikaenda kukaa kwenye pikapu, nikafunga mlango kwa nguvu, na mlango wenyewe nikausikia vizuri sana, maana mlango una sauti nene.

Baada ya muda mdogo wangu akaja akakaa upande wa pili. Tukatazama kioo cha mbele kilichojaa wadudu waliokufa.

"Alisema inalia," akasema.

"Kwa nini hukusema pale?"

"Nani anabishana na wewe, dada?"

Hilo lilikuwa kweli, nikaliacha lipite. Akaendelea, na kwa mtu kama yeye kuendelea ni habari. "Usimtishe na Saa Mbili. Haendi."

"Haendi wapi?"

"Kwa Saa Mbili. Aliniambia jana tulipokuwa tunapakia. Anamkataa leo."

Nilimgeukia ili nione mdomo wake, nisije nikasikia vingine tena. "Anamkataa kwa nini?"

"Anasema yule anataka dereva wa kumwambia fundi gari limesema nini, na yeye hana sikio hilo. Anasema msimu mzima kila anachokisema wewe unafanya kinyume, na wewe hukosei. Basi anayekosea ni yeye. Anasema bila mama yake hajui kitu, bora abaki hapahapa."

Nikafurahi. Nasema kwa aibu, lakini nasema: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, ya moto kabisa, kama mtu aliyekuta alichodhani kimeibiwa. Habanduki. Atabaki. Ningenyamaza tu, nikatoa meno mawili, nikasema nimefikiri upya, jioni angemwambia Saa Mbili hapana, nasi tungerudi nyumbani watatu vilevile tulivyokuja.

Furaha ile haikufika mbali. Nilikumbuka siku moja ya mwanzo kabisa, mwaka ule wa helmeti isiyofungwa. Alizunguka mara mbili tu, akaingia, akasema, "Mama, nadhani inalia." Mimi nilikuwa nimesimama kule nyuma nimesikia jambo hilohilo, na hatukuwa tumesemezana. Nilimtoa kwenye kigari nikambeba begani na uzee wangu, nikamzungusha banda zima nikiwaambia watu, mwanangu ana sikio. Kila mtu aliyekuwepo siku ile aliambiwa. Nilimpa kitu kile mbele za watu, na msimu huu nimekuwa nikimpokonya polepole ili nifunike karatasi iliyo chini ya sanduku.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu nilikuwa nimeyaficha, na anayeumbuka alikuwa mtoto.

Nikashuka. Sisimizi alikuwa bado kwenye cheni, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Niambie tena," nikasema. "Kigari kinafanya nini?"

"Haina maana, mama. Weka unayoona wewe."

"Sitaki ninayoona mimi."

"Nikuambie ili iweje?" Safari hii akainua uso, na kwa hiyo kila neno nililipata. "Msimu mzima nakuambia. Mbio za pili nilikuambia, za nne nilikuambia. Husikii. Wewe mama yangu ni mtu ambaye husikii."

"Ndiyo," nikasema. "Sisikii."

Akarudi kwenye cheni. Alidhani namjibu jeuri. Si mnajua tena, mtoto mkaidi tunasema hasikii, mume mlevi hasikii, hata mbuzi anayerudi shambani kwa watu hasikii. Nikaona lugha yenyewe inanipa mlango wa kutokea, ningeweza kuishia hapo nikaitwa mkaidi tu, na ukaidi si aibu, watu wengi wanajisifia.

"Sisimizi," nikasema. "Sisikii kwa masikio. Yamekwenda."

Nikafungua sanduku, nikatoa gia moja moja nikaziweka chini, nikamtolea ile karatasi. Ilikuwa na alama ya duara ya grisi katikati. Aliisoma, akaigeuza kuona nyuma kuna nini, akaisoma tena. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka uliopita. Kisha akasimama, akazunguka akaenda nyuma ya mgongo wangu, nami nikabaki namtazama mdogo wangu aliyekuwa mbele yangu. Sikusikia kitu isipokuwa mngurumo wa mabanda ya jirani. Nikamwona mdogo wangu anainamisha kichwa, na safari hii hakutazama vidole.

Mpaka leo sijui Sisimizi alisema nini nyuma yangu pale. Nimemuuliza mdogo wangu zaidi ya mara moja. Anasema lile lilikuwa lake, si langu.

Alizunguka akarudi mbele, karatasi bado mkononi. "Nimekuwa nakaa kitandani najiuliza kichwa changu kina nini," akasema. "Nasikia kitu kimoja, mama anafanya kingine, na mama ndiye Mama Sikio. Nikasema basi mimi ni mbovu. Ungeniambia tu. Kwani ningekufanya nini?"

"Ungeenda."

"Kwa hiyo ulitaka nibaki mbovu."

Ndivyo ilivyokuwa, hata kama sikuwahi kulitamka hivyo. Mimi kuomba radhi huwa kunanikwama kooni kama mfupa wa samaki. Siku ile nilisema, "Nisamehe. Kosa lilikuwa langu nikakubebesha wewe." Hakusema amenisamehe. Alijifuta uso kwa kile kitambaa cha cheni, akabaki na mstari mweusi toka shavuni hadi sikioni, akatazama ubao wa saa.

"Tuna dakika arobaini," akasema.

Akajiweka mbele yangu, karibu, akawa anasema taratibu. Mwisho wa njia nyoofu inalia, na inalia vibaya. Lakini kwenye kona ile ya mwisho, ile kali, inalala kweli, macho yangu hayakunidanganya. Ila kosa la kona si la gia. Kigari hakina springi. Fremu yenyewe ndiyo springi. Magurudumu mawili ya nyuma yameshikwa na ekseli moja, yanazunguka sawasawa, kwa hiyo kwenye kona lile la ndani lazima liinuke kidogo, la sivyo linaburuzwa. Letu lilikuwa haliinuki. Lilikuwa linasugua lami na kula nguvu yote, ndiyo maana injini inatoka pale imelala.

"Kwa hiyo fremu yangu imekosa nini?" akauliza mdogo wangu. Huyo alikuwa ameumia zaidi ya wote.

"Fremu yako ni nzuri, mjomba. Leo tu imejikaza kama mgeni mezani. Ilegeze. Magurudumu ya nyuma yasogeze ndani, milimita kumi kila upande. Ya mbele yatoe nje kidogo. Litainuka."

Mjomba akachukua spana, akalala chini ya kigari.

"Na gia?" nikauliza.

"Sabini na saba."

Kutoka themanini na mbili, hayo ni meno matano kwa mpigo. Mimi maishani mwangu siku ya mbio sijawahi kwenda zaidi ya mawili. Kama fremu isipolegea, kigari kitatoka kwenye kona kama mzee anapanda ngazi, na mbio zimekwisha. Mdomo uliniwasha. Nilikuwa nataka kusema sabini na tisa, tuwe na akiba.

"Nirudie kama hujasikia," Sisimizi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona pembe ya mdomo wake inataka kucheka.

"Nimesikia," nikasema. "Sabini na saba."

Nikafunga sabini na saba. Nikapima mlegeo wa cheni kwa kidole, nikakaza boliti sita, nikazihesabu mara mbili. Simu ikatetemeka mfukoni, baba yake, bila shaka na swali lake. Sikupokea. Jibu lake siku ile halikuwa langu.

Mbio zilipoanza nilikwenda tena kule nyuma ya matairi, mwisho wa njia nyoofu, kwa mazoea tu. Tofauti ni kwamba safari hii nilifungua macho. Ajabu ni kwamba miaka saba nilikuwa sijawahi kumwona akifika mwisho wa njia nyoofu. Nilikuwa nafahamu kwamba anainamisha kichwa kwenye njia nyoofu, lakini sikujua anainama hivyo, kidevu karibu kinagusa usukani, na kwamba kabla ya kukanyaga breki anainua bega la kushoto kidogo, kama mimi ninavyofanya nikibeba gunia.

Mzunguko wa kwanza alipita wa kumi na moja vilevile, nikasema moyoni tumekwisha. Mzunguko wa pili nikatazama ile kona kali kwa mbali. Gurudumu la ndani likainuka. Kidogo, unene wa daftari, likakaa hewani, likashuka. Kigari kikatoka pale kama kimeachiwa kamba. Alipofika mbele yangu alikuwa sambamba na wa kumi, na palepale ambapo asubuhi walikuwa wanampita, akampita yeye. Mzunguko uliofuata akampita mwingine, mahali hapohapo. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, na mzee mmoja aliyesimama karibu nami akanitazama, kwa sababu Mama Sikio alikuwa anatazama mbio kwa macho kama watu wengine na machozi yanamtoka.

Alimaliza wa nne. Si kombe, si picha na maua. Ila kutoka nafasi ya kumi na moja, kwa mizunguko kumi na minane, kila fundi pale aliona, na mafundi ni watu wasiosahau.

Tulikuwa tumeshamsukuma hadi bandani wakati Saa Mbili alipokuja. Hakuja peke yake. Nyuma yake walikuwa mafundi wake wawili, na wa mabanda ya jirani wakasogea, kwa sababu sikio halilali na njaa. Idadi ya meno huwa imechongwa kwenye gia yenyewe, na jicho la Saa Mbili halina adabu. Alichuchumaa, akasoma, akainuka ananitazama mimi. Nikamkazia macho midomoni.

"Asubuhi mlikuwa na themanini na mbili," akasema. "Meno matano katikati ya siku. Mimi mafundi wangu wana kompyuta na hakuna aliyethubutu. Haya, Mama Sikio, leo tuambie. Kule nyuma ya matairi, ulisikia nini?"

Wote wakanyamaza, au nadhani walinyamaza. Nikamtazama Sisimizi. Alikuwa ameshika helmeti mikononi, ule mstari mweusi bado uko shavuni, na nikaona katika uso wake kwamba hatasema. Angeniachia jina langu. Angesimama pale, mtoto yule, akalibeba na hilo.

"Sikusikia kitu," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi kwenye mashine ya kusaga, ili hata wa nyuma wapate. "Mimi ni kiziwi, ndugu yangu, mwaka wa pili sasa. Fremu na gia vyote kachagua huyu, mimi nilishika spana tu. Muulize dereva wako."

Saa Mbili akageuka kwake. Sisimizi alinitazama kwanza, muda mrefu kidogo. Kisha akasogea hatua moja pembeni, mahali ambapo naweza kuona midomo yake, ndipo akaanza kumweleza.